Mada ya mdahalo: mnyama ana haki yake, au analindwa na wajibu wetu tu?

Mwalimu wa Uraia, Moshi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nasimamia mdahalo wa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita hapa Moshi, na mada iliyopitishwa safari hii inasema kwamba wanyama wana haki zao wenyewe, wala ulinzi wanaoupata si hisani ya binadamu. Upande unaounga mkono umeniletea hoja za huruma, upande unaopinga umeniletea hoja za nyama choma, nami naona pande zote mbili bado hazijaligusa swali.

Ninavyolielewa mimi, swali ni hili. Karibu kila mtu anakubali kwamba kumpiga punda hadi avuje damu ni kosa. Kinachobishaniwa ni nani aliyekosewa. Je, ni punda mwenyewe, kwamba alikuwa na dai juu ya yule aliyempiga ingawa hawezi kulitamka? Au waliokosewa ni sisi, jamii isiyotaka kulea watu wakatili, pamoja na Mungu aliyetukabidhi viumbe wake, huku punda akiwa mahali tu ambapo wajibu wetu unapimwa? Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alikuwa upande wa pili: alifundisha kwamba anayemtesa mnyama anaufanya moyo wake mgumu, na mwishowe atawatesa watu. Katekista mmoja niliyemuuliza alinikumbusha kwamba hata Mtume Paulo, alipoitaja ile amri ya Torati inayokataza kumfunga ng'ombe kinywa anapopura nafaka, aliwauliza Wakorintho kama kweli Mungu alikuwa akihangaikia ng'ombe, kisha akaitumia amri hiyo kutetea ujira wa wahubiri.

Wanafunzi wangu wamekua wakiambiwa kwamba wanyamapori ni urithi. Tamko lililotolewa Arusha mwezi Septemba 1961, ambalo wengi hulichanganya na Azimio la 1967, linasema kwamba tumepokea dhamana ya wanyama hao na tutafanya kila tuwezalo ili wajukuu wa watoto wetu nao waufaidi urithi huo. Ukiisoma kauli hiyo taratibu utaona kwamba wanufaika wametajwa, nao ni wajukuu. Tembo ni mali iliyowekwa chini ya dhamana. Je, iko sheria yoyote, ya hapa au ya kwingine, ambamo mnyama mwenyewe ndiye mnufaika? Naomba hoja, kejeli tuziache.

Wakili wa Sekei, Arusha

Mwalimu, jibu fupi ni kwamba sheria zetu zinamlinda mnyama kwa njia nyingi, lakini karibu zote zinapitia kwa mtu. Mfano ulio wazi kuliko yote umetokea hapahapa mjini kwetu. Serikali ilipokusudia kujenga barabara kuu ya kukatiza kaskazini mwa Serengeti, katika njia ya nyumbu zaidi ya milioni moja wanaohama kila mwaka, shirika moja la ustawi wa wanyama kutoka Kenya lilifungua shauri mwaka 2010 katika Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki, na mwezi Juni 2014 mahakama hiyo ikaizuia barabara ya lami kama ilivyokuwa imependekezwa. Wako walioshangilia kwamba nyumbu wameshinda kesi. Nyumbu hawakuwa na kesi. Mlalamikaji alikuwa shirika, mlalamikiwa alikuwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali, na kilichoamuliwa ni kwamba nchi mwanachama haiwezi kwenda kinyume cha ahadi ilizozitia saini katika Mkataba wa Jumuiya kuhusu mazingira na maliasili. Nchi hizo zikikubaliana kesho kuviondoa vifungu hivyo, nyumbu hatabakiwa na cha kushika.

Hata hivyo, wanafunzi wanaopinga mada wasiegemee sana ile hoja kwamba mnyama hawezi kuwa na haki kwa sababu hasemi wala hana wajibu. Mtoto wa siku mbili hasemi wala hana wajibu wowote, lakini anaweza kurithi shamba, na akidhulumiwa mtu mzima atamfungulia shauri kwa niaba yake. Kampuni haina moyo wala haisikii maumivu, lakini mbele ya sheria ni mtu: inamiliki, inashtaki na inashtakiwa. Mwaka 2017 New Zealand ilitunga sheria iliyoupa mto Whanganui hadhi ya namna hiyo, ukawekewa wasemaji wawili. Sheria ikitaka kumfanya kitu fulani mwenye haki, uwezo huo inao. Tunachopaswa kujadili ni kama ina sababu ya kutosha ya kutaka.

Mahakama za nje hazijaafikiana. Mwaka 2016 jaji wa Mendoza, Argentina, alimtambua sokwe aitwaye Cecilia kuwa ni mwenye haki, akaamuru atolewe katika bustani ya wanyama alikokuwa akiishi peke yake, na mwaka uliofuata akapelekwa kwenye makazi ya kulelea sokwe nchini Brazil. Mwezi Juni 2022 mahakama ya juu kabisa ya jimbo la New York ilikataa ombi la aina hiyohiyo lililomhusu Happy, tembo jike wa bustani ya Bronx: majaji watano walisema kinga ya mtu dhidi ya kuzuiliwa isivyo halali ni ya binadamu peke yake, wawili wakatofautiana nao. Mnyama mwenye akili, kifungo cha upweke, ombi lilelile, na majibu yakapishana kabisa.

Mkulima wa Siha

Nimemsoma Wakili kwa makini, na sina ugomvi na elimu yake, ila haki za tembo zinaandikika vizuri zaidi ukiwa Sekei kuliko ukiwa huku kwetu. Tembo hali mahindi kama ng'ombe aliyepotea njia. Anazungusha mkonga kwenye shina, analing'oa, analipigapiga mguuni ili udongo udondoke, anatafuna, na katika kutembea kwake anakanyaga mara kadhaa ya kile alichokula. Sisi tunakesha na tochi na madebe. Kukicha tunafuatana na mtendaji wa kijiji na afisa wanyamapori kupima hasara, na baada ya hapo karatasi zinaanza safari yake ndefu. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2011, ninachoweza kupata ni kifuta jasho, na hesabu yake haivuki ekari tano hata kama zimeliwa kumi. Si fidia ninayoweza kuidai mahakamani kama stahili yangu. Sasa mnaniuliza kama tembo awe na haki, wakati mimi niliyepanda nasubiri hisani?

Wala si mimi peke yangu. Tangu mwaka 2022 familia kutoka Ngorongoro zimekuwa zikihamishiwa Msomera, Handeni, na hoja mojawapo iliyotolewa ni kulinusuru eneo na wanyama wake. Wako waliokwenda kwa ridhaa na wako wanaolalamika mpaka leo. Sitaki kuingia katika siasa yake. Ninachosema ni kwamba huku kaskazini, mtu akisikia maneno "haki za wanyama", kwanza anaangalia boma lake.

Halafu kuna hili linaloniduwaza. Tembo tunaowafukuza sisi ni walewale wanaovuka kutoka Amboseli, ambako watafiti wanawafuatilia tangu 1972 na wanawajua mmojammoja. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa burudani mwaka 1977. Kwetu unaruhusiwa kwa kibali. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 ndume kadhaa wakubwa wa kundi hilo waliuawa upande wetu, kule Enduimet, na watu wa nje waliolipia. Mnyama yuleyule, ng'ambo ni kivutio chenye jina lake, huku ni nyara halali yenye bei yake. Kama alikuwa na haki ya kuishi, aliiacha wapi alipovuka mpaka?

Daktari wa mifugo, Arusha

Wakili amesema sheria "karibu zote" zinapitia kwa mtu, na kazi yangu mimi iko ndani ya hilo "karibu". Tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Inatambua kwamba mnyama ni kiumbe mwenye hisia, na inataka asiachwe katika njaa na kiu, karaha, maumivu na maradhi, hofu, wala asinyimwe nafasi ya kuishi kwa tabia zake za asili. Haisemi chochote kuhusu watalii.

Nawaomba wanafunzi waache tembo kwa muda wamtazame punda, kwa kuwa punda haleti fedha za kigeni wala hakuna anayempiga picha. Siku za soko Ngaramtoni wanashuka wengi na mizigo ya mahindi, mkaa na madumu. Vidonda vingi ninavyovitibu havitokani na fimbo. Vinatokana na kamba ya manila iliyopitishwa chini ya mkia bila kitambaa, au shogi lililolalia upande mmoja kwa sababu magunia hayalingani uzito, likawa linasugua palepale kwenye uti wa mgongo tangu nyumbani mpaka sokoni. Ngozi inachubuka, inapona nusu, inachubuka tena. Ukiona punda wa kijivu ana mabaka ya nywele nyeupe mgongoni, mara nyingi hiyo ndiyo historia ya mizigo yake. Na palipo pabichi inzi hawabanduki.

Ukimwambia mwenyewe ampumzishe, jibu lililo la kawaida ni kwamba punda ni wake, kamnunua kwa fedha yake. Amesema kweli, punda ni wake. Lakini sheria ile hailipokei jibu hilo. Kiti changu nikitaka kukichanja kuni sina wa kuniuliza. Punda wangu nikimtesa nina kesi, hata kama hakuna jirani aliyekerwa, hata kama mtalii hakuona, hata kama mimi mwenyewe nimeridhia hasara. Ridhaa ya mwenye mali haiondoi kosa. Sasa Mwalimu, kama si mimi mwenye mali, wala si jirani, wala si utalii, kosa hilo nimemkosea nani?

Msilichanganye hilo na uamuzi wa Umoja wa Afrika wa mwezi Februari 2024, uliosimamisha kwa miaka 15 uchinjaji wa punda kwa ajili ya biashara ya ngozi, zile zinazochemshwa kutengenezea dawa ya asili ya Kichina. Mimi niliufurahia, lakini hoja iliyosikika zaidi ilikuwa kwamba punda wakiisha, mzigo na maji vitarudi kichwani kwa mama na mtoto. Hapo mnufaika ni mwenye punda. Punda afe mzigo wa bwana ufike. Wasiwasi ulikuwa kwamba angekufa kabla haujafika.

Wakili wa Sekei, Arusha

Hoja ya Daktari kuhusu ridhaa ni nzito, na nadhani upande unaounga mkono uanzie hapo. Lakini ina mlango ambao wapinzani wataupitia. Mwenye nyumba ya kale katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, ambao ni urithi wa dunia tangu mwaka 2000, naye hawezi kuivunja apendavyo ingawa ni mali yake. Ridhaa yake haitoshi, na hakuna anayesema kwamba nyumba ina haki. Inaonekana basi kwamba sheria inaweza kumfunga mikono mwenye mali bila kuifanya mali kuwa mwenye haki.

Na Ndugu Mkulima, kuhusu kuwawajibisha wanyama, Ulaya walilijaribu. Mwaka 1386 katika mji wa Falaise, Ufaransa, nguruwe jike aliyemuua mtoto alishtakiwa, akahukumiwa, akanyongwa hadharani. Walimpa wajibu kamili wa mshtakiwa bila kumpa haki nyingine yoyote, kwa hiyo tusidhani mambo hayo mawili lazima yaje pamoja.

Daktari wa mifugo, Arusha

Nyumba ya Mji Mkongwe inalindwa kwa ajili ya watakaoitazama. Waondoe watu wote duniani, nyumba hiyo ikibomoka hakuna aliyepoteza. Waondoe watu wote, punda mwenye kidonda bado kinamuuma. Kwa hiyo swali halimo katika kufungwa mikono kwa mwenye mali. Limo katika sababu ya kumfunga, nayo kwa punda ni punda.

Msomaji wa Majengo, Moshi

Assalaam alaykum wote. Mwalimu amemtaja Paulo. Naomba na upande wetu usikike, kwa sababu nadhani mzozo huu mafakihi waliufikia mapema. Iko hadithi sahihi kwamba Siku ya Kiyama kila haki itarejeshwa kwa mwenyewe, hata kondoo asiye na pembe atalipiziwa kwa yule mwenye pembe aliyempiga. Iko na ile ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie. Kinachonivutia katika ile ya kondoo ni kwamba hakuna binadamu ndani yake kabisa. Hakuna moyo wa mtu unaofanywa mgumu, hakuna jamii inayoharibika. Kuna aliyedhulumiwa, na dai lake linasikilizwa.

Katika fikihi ikaulizwa: mtu akikataa kumlisha mnyama wake, je, kadhi amlazimishe? Wanazuoni wa Kishafii, ambao ndio wengi wetu Afrika Mashariki tunawafuata, wanasema alazimishwe: amlishe, amuuze, au amchinje kama ni wa kuliwa. Kwa Wahanafi kauli mashuhuri ni kwamba kadhi hamlazimishi, kwa sababu mnyama hana sifa ya kuwa mdai mbele ya mahakama. Mwenyewe ana dhambi na ataulizwa na Mola wake. Lakini Abu Yusuf, mwanafunzi mkubwa wa Abu Hanifa, aliona kwamba alazimishwe. Wote walikubaliana kwamba kumwacha na njaa ni haramu. Walichotofautiana ni hichohicho mnachotofautiana Wakili na Daktari.

Na kwa wale wa nyama choma: tunachinja, na dini imeruhusu. Lakini tumeamrishwa kunoa kisu vizuri, na tumekatazwa kukinoa mbele ya mnyama anayekiangalia. Anaweza kuwa na haki katika namna ya kufa kwake pasipo kuwa na haki ya kutokufa. Vijana wanaodhani kwamba neno haki lazima limaanishe kufunga mabucha wanaibeba hoja kubwa kuliko wanayohitaji.

Mwalimu wa Uraia, Moshi

Nashukuru sana, na kwa Msomaji nasema ahsante ya pekee, kwa kuwa umenipa mlango wa kuwatoa vijana kwenye mabucha. Nimeanza kuiandika mada upya iwe nyembamba: kwamba sheria imtambue mnyama anayefugwa kuwa yeye ndiye aliyekosewa anapoteswa. Wakili, je, mabadiliko hayo yangekuwa na matokeo yoyote, au ni heshima ya maneno tu? Kidonda cha punda hakiponi kwa kifungu cha sheria.

Wakili wa Sekei, Arusha

Matokeo yapo, nayo ni mawili. La kwanza ni nani anaweza kwenda mahakamani. Leo mtesaji anashtakiwa na dola, na dola isiposhughulika, jambo limekwisha. Mnyama akitambuliwa kuwa ndiye aliyekosewa, mtu mwingine anaweza kuruhusiwa kumsemea, kama anavyosemewa mtoto. La pili ni fedha. Gari likimgonga punda na kumvunja mguu, anayelipwa ni mwenye punda, kwa thamani ya punda sokoni. Punda mwenyewe hana fungu, na mara nyingi mwenyewe akishalipwa humwacha barabarani. Chini ya utaratibu mwingine, sehemu ya malipo ingewekwa kwanza kwa matibabu yake, au kwa kumfisha bila mateso kama haponi. Hayo si maneno matupu.

Ila ninawatahadharisha vijana: msemaji wa punda naye ni binadamu, mwenye maslahi yake na wafadhili wake. Mtoto tunayemsemea atakua, na siku moja atamuuliza mlezi alichofanya na shamba lake. Punda hatauliza kamwe. Hapo ndipo mimi binafsi ninaposita, na ndiyo sababu napendelea wajibu mkali wenye ukaguzi wa kweli kuliko haki inayoshikwa na msemaji asiyekaguliwa na mtu.

Mkulima wa Siha

Kwa punda sina pingamizi. Hata mimi ninao wawili, na nitabadilisha kamba. Lakini mnajua hamtaishia kwa punda. Mkifika kwa tembo, mkimpa msemaji kama ule mto wa New Zealand, basi msemaji huyo awe na ofisi na awe na mfuko, ili mahindi yakiliwa hati ya wito niipeleke kwake. Kampuni mliyoitaja ina haki, lakini pia ina akaunti.

Wakili wa Sekei, Arusha

Mto Whanganui ulipewa mfuko, Ndugu Mkulima. Serikali yao iliweka dola milioni 30 za huko kwa ajili ya afya ya mto.

Mkulima wa Siha

Basi Mwalimu, waambie vijana waanze na mfuko. Ukishafika Siha, kura yangu wanayo.